Salamu za Idi kutoka Guangzhou, 1447

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, dada na kaka zangu mlioko Guangzhou, Foshan, Shenzhen na Yiwu, pamoja nanyi wa nyumbani mtakaosomewa haya Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa: iwe kwenu mwezi umeshaandama au bado mnangoja tangazo, Idi Mubarak. Allah atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awarehemu waliotutangulia mbele ya haki, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima wa afya. Amin.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu kanikumbusha mara tatu leo kwamba salamu ni kazi ya katibu. Mwaka jana niliandika mistari sita, nikatia picha ya mwezi na nyota, ikatosha. Mwaka huu nimekaa na simu mkononi tangu futari, naandika nafuta, basi mniwie radhi nikirefusha.

Mwezi wenyewe ulitufanyia jambo. Wenyeji wetu wamefungua mwaka wao wa Farasi tarehe 17 Februari, na sisi tukaanza kufunga siku hizohizo, kwa mwandamo uleule mmoja. Mtaa wetu wa Xiaobei wiki ile mnaujua. Mageti ya chuma yameshushwa, karatasi nyekundu zimebandikwa milangoni, wenye maduka wamekwenda kwao Hunan na Sichuan, na hata wale Wahui, Waislamu wa Kichina kutoka Qinghai, wanaotupikia tambi za kuvuta kwa mkono wamefunga wakaondoka. Nilitembea kutoka stesheni ya metro mpaka daraja la waenda kwa miguu, nikakutana na paka mmoja na askari wawili. Futari yangu ya kwanza ilikuwa tende, uji wa pilipili manga niliouunguza, na kelele za jirani wa juu waliokuwa na wajukuu wao. Mji wenye mamilioni ya watu umekwenda kwa mama zake. Sisi tumebaki kuulinda.

Tena tarehe 3 Machi, usiku wao wa taa, mwezi ukapatwa wote. Tulikuwa tumetoka kufungua. Niliuona kidogo tu kati ya maghorofa mawili, mwekundu kama sinia la shaba, kisha wingu likaufunika. Bibi anayeuza machungwa chini ya jengo letu alininyooshea kidole juu nitazame, nami nikamnyooshea yeye, kila mmoja anamwonyesha mwenzake kitu ambacho wote wawili tunakiona.

Mwaka umekuwa mgumu, tusidanganyane. Tangu meli za Ulaya zilipoikimbia Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, sisi ambao kontena zetu haziikanyagi kabisa Bahari ya Shamu tulipandishiwa nauli pamoja nao. Nauli ikipanda, ajenti anakupigia usiku wa manane. Ikishuka, simu yake imezima chaji. Shilingi nayo na yuan mnajua zinavyosalimiana. Julai, nyumbani walipopiga marufuku wageni kufanya biashara kumi na tano ndogondogo, mwenye nyumba wangu aliisoma habari ile akaniuliza, sijui kwa utani sijui kwa kweli: “Na mimi hapa nikufanyeje?” Tulicheka. Kodi akaipandisha hata hivyo.

Na zile siku za mwisho wa Oktoba. Sisi tumezoea kuruka ukuta wa intaneti wa Wachina kila asubuhi ili tuione WhatsApp, ni kama kupiga mswaki. Siku zile intaneti ilipozimwa nyumbani, ukuta ukawa upande wa pili, na hakuna ngazi ya kuuruka. Watu wazima wenye ndevu tulikaa kwenye mgahawa tukiitazama tiki moja, haigeuki mbili. Sina la kuongeza hapo. Waliopoteza watu wao wanajijua, na Mungu anawajua zaidi.

Mimi nilipompata mama hewani baada ya siku tano, hakunipa habari za mtaa. Alisema, “Ulisema miaka miwili.”

Ni kweli nilisema. Mwaka 2013, barazani kwetu Ngamiani, begi moja mkononi: miaka miwili tu mama, nikamate mtaji nirudi. Kila Idi akawa ananirudishia maneno hayo kama risiti. Mama yangu alikuwa mtu wa kanga. Nimetuma kanga Tanga kwa marobota, za kuuza, ila yeye hakuvaa hata moja ya China. Nguo kwake ilikuwa ni ya kiwanda cha Urafiki, na lile sanduku lake lilijaa za zamani zilizolainika kama maziwa. Siku moja nikamchokoza kwamba hiyo Urafiki yenyewe walikuja kuijenga Wachina miaka ya sitini. Akanijibu papo hapo: “Wakaijenga, wakarudi kwao. Wewe umejenga nini huko?”

Basi ile Oktoba akaongeza: kama kweli huko kwenu kunachapwa kanga, nichapishie yangu. Pindo jekundu, mji mweupe, na jina liwe hilohilo. ULISEMA MIAKA MIWILI. Nikadhani ananitania. Kumbe hakuwa ananitania, maana wiki iliyofuata alimtuma dada yangu aniulize imefikia wapi.

Wanaochukua nguo Keqiao, mji wa vitambaa karibu na Hangzhou, wanajua kwamba kiwanda hakikuwashii mashine kwa doti moja. Nilimwendea dalali wangu, dada wa Kichina aliyekaa Kariakoo miaka minne na bado ananiita “kaka, bei ya mwisho”. Aliusoma mchoro kwenye simu, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza doti ngapi. Akazipenyeza mwishoni mwa oda ya mtu mwingine, doti ishirini, na nilipotoa pesa ya kuchonga jina akaisukuma ikarudi upande wangu wa meza.

Ilikuwa Rajabu. Nilikuwa kwenye treni ya mwendokasi natoka Hangzhou, boksi la kanga liko kwenye kichaga juu ya kichwa changu, simu ya dada ikaingia. Mahandaki ya njia ile mnayajua. Inakatika, inarudi, inakatika tena. Nilipata “mama”, nikapata “baada ya Alasiri”, kilichokuwa katikati nikajaza mwenyewe. Walipomswalia Tanga huku ilikuwa inakaribia saa tatu ya usiku, na mimi niko mwendo wa kilomita mia tatu kwa saa nakwenda upande ambao sio. Abiria wa pembeni yangu, kijana mdogo, alinisogezea pakiti ya tishu bila kunitazama, akaendelea na mchezo wake wa simu.

Nawashukuru mliokuja kwenye khitma. Chumba changu hakitoshi watu wanane, mlikaa kumi na saba, na aliyeleta kaimati Mungu amlipe. Shukrani hizi zilikuwa deni, sasa nimelipa.

Nigeukie nasaha, kwa kuwa salamu bila nasaha mwenyekiti atanirudishia. Vijana wangu, hasa mliokuja na viza ya masomo mkageukia kusindikiza wateja: zakatul fitri itoke kabla ya swala, pishi ni pishi, msiniambie biashara mbaya. Deni la mtu ukilipa kabla ya Idi, hata nguo kuukuu itakukaa vizuri. Maonyesho ya Canton yanafunguliwa tarehe 15 Aprili. Wageni watashuka na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, wengine mara yao ya kwanza, mkononi wana pesa za vikoba, pesa za shamba lililouzwa, pesa za ukoo mzima. Ukimpeleka mgeni huyo kwenye kiwanda cha rafiki yako ukala pande zote mbili, ukamjazia kontena vigae vya Foshan vilivyopasuka, ukabadilisha namba ya simu, usidhani umemla mtu mmoja. Umemla mjane usiyemjua, umemla mtoto aliyesubiri ada. Na haya makamera ya mji huu yasikuchekeshe ukadhani ndiyo pekee yanayokuona.

Tena acheni kutuma pesa mahali pa sauti. Pesa inafika Tanga kwa dakika mbili, mama anaitazama, anaiweka chini ya godoro, anaitazama simu. Pigeni. Pigeni hata kama hamna la kusema, hata kama mtakemewa, hata kama huko ni alfajiri na nyinyi huku mko njia ya bohari. Na ahadi zenu za miaka, ndugu zangu, ahadi za miaka tunazozitoa barazani tukiwa na begi moja, kuna mtu anazihesabu kila mwandamo, kwa vidole, kwa tasbihi, kwa sanduku la kanga. Na siku ya Kiyama mtaulizwa juu ya ahadi, kwa sababu ahadi ni yenye kuulizwa, imeandikwa, si mimi niliyesema, na ole wake yule ambaye

Nimeinuka nikanywa maji. Khutba kesho ni ya imamu, tena ataitoa kwa Kichina na Kiarabu, hakuna atakayejificha.

Mpango ni kama kawaida. Swala ni msikiti wa Xianxian, pale wanaposema amelala Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Kuna atakayekwambia kaburi lake liko Madina. Mimi sibishani siku ya Idi. Wanaopenda utulivu waende msikiti wa Huaisheng, wakauangalie ule mnara wa Guangta uliokuwa ukiongoza majahazi mto ulipokuwa karibu, maana sisi wa pwani tunaujua uzito wa taa. Mje mapema kwa metro, ua wa Xianxian hujaa ndugu zetu Wahui na Wauighuri kabla hamjavua viatu, na kila mtu aje na mfuko wa kutilia viatu vyake. Mwaka jana nilirudi na kiatu changu kimoja na cha mtu mwingine kimoja, vyote vya kushoto. Pasipoti ziwe mfukoni, si kwenye picha ya simu.

Baada ya swala tunakutana kwenye mgahawa wetu wa siku zote. Pilau imeshalipiwa, mbuzi wawili, na mchango ambao haujafika nina orodha ya wenyewe. Watoto watapewa mkono wa Idi kwenye bahasha nyekundu, bibi wa machungwa ndiye aliyenipa, zimembakia tangu mwaka mpya wao.

Kwa akina mama na dada, zile doti ishirini. Moja imekwenda Tanga na mtu, dada yangu atajua pa kuiweka. Kumi na tisa ziko kwangu, bado kwenye boksi. Kila mmoja atachukua yake akitoka, ndiyo mkono wa Idi kutoka kwa Bi Mkubwa. Mtakaoivaa kesho hiyohiyo, nawaomba msinipitie kwa mgongo, jina nimeshalisoma.

Kullu aam wa antum bikheir. Idi njema kwenu na kwa vizazi vyenu.

Katibu wenu,
Guangzhou, usiku wa kuamkia sikukuu