Barua kwa mwanangu kuhusu gari iliyoota kuvu

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo, alhamdulillahi, na baba yako miguu imepungua kuuma. Picha ulizonitumia za gari unayotaka kuinunua, ile iliyoota kuvu ndani, nimeziona, na nimemwonyesha pia mjomba wako ambaye, kama ujuavyo, amezeekea gereji. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu jambo hili halijibiki kwa maneno mawili ya simu.

Nafahamu kwa nini moyo wako umeielekea gari ile. Unasema injini ni nzima, bei iko chini kuliko nyengine zote ulizoziona Mjini, na kila asubuhi unahangaika na mtoto kwenye daladala. Lakini yale madoa meupe juu ya viti, na ule mkanda wa kiti ulioingia weusi, vimenitia wasiwasi. Muuzaji amekwambia kwamba gari ilifungwa tu muda mrefu wakati mwenyewe yuko safarini, na huenda akawa mkweli, kwani hewa ya visiwa vyetu ina unyevu mwingi, na katika masika, baina ya Machi na Mei, hata viatu vya ngozi vilivyomo kabatini huota kuvu. Hata hivyo, kuvu hiyo hiyo huota pia ndani ya gari inayovuja na ndani ya gari iliyopata kuzama katika mafuriko, na kwa kuitazama juu juu huwezi kujua ni ipi. Kwa hivyo suala la kwanza, kabla ya bei na kabla ya sabuni, ni maji yameingilia wapi.

Mjomba wako anasema uanze chini. Muombe muuzaji akuruhusu kunyanyua zulia la miguuni, upande wa dereva na wa abiria, mbele na nyuma, kisha uingize mkono mpaka kwenye sponji iliyolalia bati na uibinye kwa kiganja. Zulia la juu hukauka kwa jua la siku moja, lakini sponji ile inaweza kukaa na maji kwa wiki kadhaa, nayo ndiyo inayolisha kuvu kila inapofutwa. Unakumbuka mlivyosomeshwa chuo cha Kurani kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vyake vikakuta majimaji, akamuuliza mwenye kuuza kwa nini asikiweke juu kile kilichorowa ili watu wakione. Basi na wewe usione haya kutia mkono, kwani kuijua ila ya mali kabla ya kuilipia ni haki yako.

Ukikuta maji upande wa abiria wa mbele peke yake, usikate tamaa haraka. Washa AC kwa muda wa nusu saa, kisha uchungulie chini ya gari. Kwa unyevu wa Unguja maji yanapaswa kudondoka chini bila ya kukoma, na ikiwa ndani kumepoa na chini ni kukavu, basi mpira wa kutolea maji umeziba na yote yanarudi kwenye zulia. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Kama si hilo, mwagieni maji juu ya paa na kioo cha mbele, mmoja wenu akiwa amekaa ndani, muone kama raba za milango na kioo zinavuja.

Gari iliyozama ni jambo jengine kabisa. Uvute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu kile kipande kinachojificha ndani mara nyingi hakioshwi, na mstari wa tope hubakia pale. Tazama kutu kwenye boliti za viti, na mchanga chini ya tairi la akiba. Nyaya nyingi hupita chini ya zulia, zikiwemo zile za mifuko ya hewa chini ya viti, na maji yakishaingia kwenye maungio yake kutu hula polepole, tena kwa maji ya chumvi huwa haraka zaidi. Ukiona dalili hizo, hata akikushushia bei kwa nusu, muage kwa wema uondoke.

Na kuna mjukuu wangu. Mtoto mwenye pumu hawezi kukaa kila siku ndani ya gari yenye kuvu, na hata kuvu iliyokufa, isipoondolewa, bado inaweza kumchochea kifua, kwani AC huipeperusha moja kwa moja usoni. Kama gari imepulizwa manukato makali, ifunge vioo juani, urudi baada ya saa moja uinuse tena. Laiti si mtoto, ningekuwa mwepesi zaidi. Ikiwa kuvu imo juu ya kitambaa tu na chanzo chake kimejulikana, viti na mazulia yafunguliwe yote, yasuguliwe kwa sabuni na yaanikwe mpaka yakauke hasa, na chujio la AC libadilishwe. Sponji iliyoota ndani itupwe. Anayesafisha avae barakoa, na msithubutu kuchanganya jiki na siki, kwani hutoa moshi wa sumu. Gharama za kazi hiyo zitoke kwenye bei ya muuzaji.

Mjomba wako atavuka na boti ya Jumamosi, inshaallah. Usitoe arbuni mpaka yeye mwenyewe akishanyanyua zulia, na muuzaji akikataa zulia lisiguswe, hilo litakuwa jawabu lako. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, na umkumbushe dawa yake ya kuvuta.

Wasalaam,
Mama yako