Hizo asilimia mnazotuandikia ni za muda gani?

Mhariri,

Salamu nyingi. Mi ni msomaji wenu wa kurasa za biashara, mara nyingi naanzia huko kabla hata ya michezo, na leo nimeona niandike tu sababu kuna kitu kinanikera muda mrefu. Kila mkimhoji mfanyabiashara aliyefanikiwa lazima mtaweka sentensi ya aina ya "uwekezaji huu umemlipa asilimia 80" halafu basi, habari imeishia hapo, na picha ya jamaa amekunja mikono mbele ya mashine yake. Asilimia 80 kwa muda gani? Ya mtaji upi? Na huyo jamaa alikuwa anajilipa au kipindi chote hicho alikuwa anaishi kwa shemeji? Hamuulizi.

Nayajua haya maana mi mwenyewe nimekuwa huyo jamaa. Nilinunua mashine ya kudarizi, nikakaa nayo miaka mitatu, na kila aliyeniuliza nilikuwa namwambia imenilipa asilimia 80, naitamka kabisa kwa sauti ya mtu mzima. Hesabu yangu ilikuwa hivi (nazibadilisha namba ziwe za mia ili kila mtu afuate, hela ya nchi gani haina maana hapa). Mashine nilinunua kwa 100. Kwa miaka mitatu, nikishatoa nyuzi, umeme na fundi wa kuitengeneza mashine, zimebaki mkononi 180. Toa 100, faida 80. Asilimia 80, kwisha kazi.

Siku moja binti wa dada yangu anayesomea uhasibu akalichukua daftari langu, lile lenye jalada limeshachanika, akawa anapitisha kidole kwenye mistari taratibu. Akaniuliza, "Mjomba, na wewe mshahara wako uko wapi humu?" Nikamwambia mi ndo mwenye mali, mshahara wa nini. Akacheka. Akaniuliza tena, "Ukiumwa mwezi mzima nani atakaa kwenye mashine, na utamlipa sh' ngapi?" Hapo nikanyamaza, sababu jibu nilikuwa nalo. Mtu wa kukaa pale siku sita kwa wiki kwa miaka mitatu angenila 120.

Tukarudia hesabu wote wawili. Kwanza mtaji haukuwa 100, kulikuwa na 25 nyingine ya kuvuta umeme, meza na nyuzi za kuanzia ambazo nilizisahau kama watu wengi wanavyozisahau, kwahiyo ni 125. Zilizobaki mkononi 180, toa 120 za kazi yangu, inabaki 60. Ongeza 35, ambayo ndo ningepata siku ile kama ningeuza mashine iliyochakaa pamoja na nyuzi za stoo. Jumla 95. Nimeweka 125 zimerudi 95. Hiyo ni hasara ya 30, sawa na asilimia 24 ya mtaji. Kumbe muda wote nilikuwa nimeajiriwa na mashine na mshahara wangu wenyewe ndo nilikuwa nauita faida! Sisemi nilikufa njaa, nilikula na watoto walikula, ila kilichonilisha ni mikono yangu, mtaji wenyewe ulikuwa unapungua kimyakimya.

Sasa tuachane na mimi twende kwenye muda, maana hapa ndo mnatupoteza zaidi. Tuseme hiyo 80 ni ya kweli, gharama zote zimetolewa na mshahara umo. Mtu aliyeweka 100 akakaa miaka mitatu bila kugusa kitu kisha akapewa 180 kwa mkupuo hajapata asilimia 80 kwa mwaka, na wala si 80 gawanya kwa tatu, sababu faida nayo inatakiwa izae. Ukipiga vizuri ni kama asilimia 21.6 kwa mwaka. Mwingine kaweka 100 ileile ila anapokea 60 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu, jumla 180 vilevile. Huyu mwenzetu kiwango chake ni karibu asilimia 36 kwa mwaka, sababu hela imerudi mapema na anaweza kuizungusha kwingine. Na wa tatu biashara yake ilichelewa kuchanganya, akapata 10 mwaka wa kwanza, 50 wa pili, 120 wa tatu. Huyo anacheza kwenye 26 hivi. Watu watatu, wote gazetini mtawaandika "asilimia 80", na nani amewekeza vizuri msomaji hawezi kujua.

Hicho kipimo wataalamu wanakiita kiwango cha ndani cha marejesho. Jina linatisha ila maana yake ni asilimia ambayo ukiitumia kuzipunguza hela zote zitakazoingia baadaye, kila moja kwa umri wake, jumla yake inalingana na ile uliyotoa mwanzo. Siku hizi huhitaji hata kalkuleta, kwenye Excel unaweka hela iliyotoka kwa alama ya kutoa, chini yake zilizoingia kwa mpangilio, unaandika IRR (kifupi cha jina hilohilo kwa Kiingereza) inakupa jibu. Kama tarehe hazina mpangilio, ambavyo ndivyo biashara zetu zilivyo, ipo XIRR unaiwekea na tarehe zake. Ila angalizo, kama biashara katikati inadai tena hela nyingi, mfano umeweka 100, umepata 230, halafu mwaka unaofuata unatakiwa utoe 132, hiyo fomula ina majibu mawili, asilimia 10 na asilimia 20, na yote ni sahihi kihesabu. Kwahiyo msije mkaiabudu.

Mtu akisema hizo zote ni shule nyingi, basi awe hata na ile kanuni ya 72. Gawanya 72 kwa asilimia ya mwaka unapata miaka ya hela kujizidisha mara mbili, kwa asilimia 12 ni kama miaka sita. Mtaalamu wa hesabu wa Italia, Luca Pacioli, aliiweka kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494, kwahiyo si kitu cha jana. Inasaidia sana mtu akikwambia "nitaidabo hela yako kwa mwaka", unajua anakuahidi nini, na unajua pia pa kuweka mkono kwenye mfuko wako.

Kuna na hii ya wastani. Mtu anasema mwaka jana nilipanda asilimia 50, mwaka huu nimeshuka asilimia 50, kwahiyo niko palepale. Hauko palepale ndugu yangu. 100 ilikuwa 150, nusu yake ni 75, robo ya mtaji imeshaondoka. Wastani wa kujumlisha na kugawanya kwenye marejesho unadanganya, na unadanganya zaidi pale biashara inapoyumba sana.

Halafu mkopo. Nimeshasoma kwenu habari ya mtu aliyepata asilimia 40 kwa mtaji wake, mkamsifia ubunifu. Inawezekana kweli, ila pia inawezekana aliweka 20 zake na kukopa 80 kwa riba ya asilimia 15, biashara ikatoa 20 kwa mwaka, akalipa riba 12, zikabaki 8, na 8 kwa 20 ndo hiyo asilimia 40. Biashara yenyewe imetoa 20 kwa 100, hayo mengine ni mkopo unampandisha juu. Mwaka biashara ikitoa 5 tu, riba bado ni 12, yuko chini kwa 7, hasi asilimia 35 kwenye hela yake ya 20. Huo mwaka nao mje na kamera.

Kitu kimoja nilichokipenda, na hiki natamani mkiandike kurasa mbili nzima, ni ule mchanganuo uliotoka kampuni ya DuPont kule Marekani miaka ya 1910, kazi ya jamaa anaitwa Donaldson Brown. Unalipasua rejesho vipande viwili, faida kwenye kila mauzo na mtaji unazunguka mara ngapi kwa mwaka, unazidisha. Anayebakiwa na asilimia 5 tu kwenye kila mauzo ila mtaji wake unazunguka mara nane kwa mwaka anapata 40. Anayebakiwa na 30 lakini mzigo unakaa mwaka mzima ndo utoke anapata 30. Wafanyabiashara wa mzunguko wa haraka wanalijua hili kwenye damu, ila wengi tunamuonea wivu wa 30 sababu faida yake ya moja moja ni nono, kumbe mzigo umemlalia. Mi kwenye daftari langu niligundua ugonjwa wangu ulikuwa kipande cha pili, nyuzi za rangi ambazo hakuna anayezitaka zilikuwa zimeshika mtaji miaka yote mitatu!

Mfumuko wa bei sitauongelea sana, nyie wenyewe mnauandika kila mwezi. Ila muunganishe basi. Ukipata asilimia 20 na bei za vitu zimepanda 12, hujapata 20, wala hujapata 8, ni kama 7 na kidogo.

Ombi langu ni dogo tu. Mwandishi wenu akiambiwa asilimia na mfanyabiashara, kabla hajafunga daftari amuulize ni ya miaka mingapi, mtaji ni pamoja na nini na nini, wa kwako ni kiasi gani na wa kukopa ni kiasi gani, na wewe mwenyewe ulikuwa unajilipa ngapi. Akikataa kujibu, andikeni tu kwamba biashara inaenda vizuri na hiyo asilimia muiache, hatutalalamika.

Mashine bado ninayo, sijauza. Nimeongeza safu mpya kwenye daftari jipya nimeiandika "fundi", huyo fundi ni mimi, na ijumaa analipwa kabla ya kitu kingine chochote. Mwezi wa kwanza faida iliyobaki baada ya hapo ilikuwa sifuri na kidogo. Wa pili ikasogea, nikauza na zile nyuzi kwa bei ya kutupa.

Na mkiichapa hii barua naomba sana msikate namba. Mara ya mwisho niliwaandikia mkakata namba mkabakiza salamu.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi Kudarizi