Maulidi na mtoto aliyeachwa kwenye mizigo

Assalaamu alaykum ndugu, jamaa, na majirani wa dini zote. Mfungo Sita umeandama, na nawatakia Maulidi yenye kheri na baraka.

Mwaka huu naomba tutege sikio mahali ambapo huwa hatusikilizi. Kwenye Barazanji, kisomo cha maisha ya Mtume kinachosomwa kwenye Maulidi, tukishasimama kwa kiyamu, yaani kwa heshima ya kuzaliwa kwake, tukanyunyiziwa marashi na kuketi tena, macho huanza kuyatafuta masinia ya pilau. Ni baada ya hapo msomaji anapofika Mtume (S.A.W.) ana miaka 12, yuko safarini Sham na ami yake Abu Talib, na jina la rahibu Bahira linapita hivi hivi.

Ibn Ishaq, mwandishi wa kale wa sira ya Mtume, amekisimulia kisa hicho kwa urefu. Msafara wa Makureshi ulitua Busra, kusini mwa Syria ya leo. Bahira, mtawa wa Kikristo ambaye siku zote waliwahi kupita asiwasemeshe, safari hii aliona wingu likimtilia mmoja wao kivuli na matawi ya mti yakimwinamia. Akapika, akawaalika wote, wakubwa kwa wadogo, waungwana kwa watumwa. Wakaja, ila mtoto wakamwacha chini ya mti na mizigo. Rahibu akawakagua mmoja mmoja, alichokitafuta hakukiona, akauliza ni nani aliyebaki. Hakuridhika mpaka mtoto akaletwa, akaketi na watu. Walipokwisha kula akamtaka amjibu kwa haki ya Lata na Uzza, miungu ya Makureshi. Kijana akakataa katakata kuulizwa kwa majina hayo. Mwisho rahibu akauona muhuri wa utume baina ya mabega yake, akamhimiza Abu Talib amrudishe kwao na amlinde.

Wanazuoni hawakukipokea kisa hiki kwa macho yaliyofumbwa. Riwaya ya Tirmidhi, mkusanyaji wa Hadithi, inawataja Abubakar na Bilali, waliokuja kuwa masahaba wa Mtume, na mwanachuoni Imam Dhahabi akaipinga: wakati huo Abubakar alikuwa bado mtoto, na Bilali alikuwa hajanunuliwa naye kutoka utumwani. Sawa. Mimi hunivutia ile karamu, mwenyeji Mkristo anayemwulizia mtoto ambaye wenzake wamemsahau.

Basi walimu wa chuoni, usiku huo watoto msiwarundike nyuma penye viatu. Nanyi majirani zetu Wakristo, msingoje kadi: Suratul Maida, aya ya 82, imewataja makasisi na watawa wenu kwa wema, na pilau ni ya wote.

Kullu aam wa antum bikheir.