Kuficha jina la Wi-Fi si kuifunga

Mhariri,

Kila panapoulizwa namna ya kumzuia mtu asiyealikwa kutumia intaneti ya nyumbani, au namna ya kuizima Wi-Fi usiku, kurasa za teknolojia hurudia majibu mawili: ficha jina la mtandao, kisha ipe ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi, orodha ya simu zinazoruhusiwa. Ni majibu mepesi kufuata, lakini karibu hayazuii kitu. Naomba gazeti lako liache kuyatoa kama kinga, maana msomaji akishaamini kwamba amefunga, hatarudi kukagua.

Nianze na hilo la kuficha. Ruta hurusha tangazo lake hewani karibu mara 10 kila sekunde. Ukificha jina, tangazo haliachi kurushwa. Kinachoondolewa ndani yake ni jina tu. Simu ya nyumbani inapojiunga, jina hilo hutajwa hewani bila kufichwa, na programu za bure za kusikiliza mawimbi hulinasa papo hapo. Kuna na hasara ya pili ambayo haitajwi sana: simu iliyohifadhi mtandao wenye jina lililofichwa haiwezi kungoja kuuona, hivyo huuita kwa jina popote inapokwenda. Uliyemficha jirani jina la mtandao wako unawatangazia wapita njia.

Orodha ya simu zinazoruhusiwa hutegemea anwani ya MAC, ile namba ya tarakimu na herufi 12 ambayo kila kifaa hujitambulisha nayo. Anwani hiyo husafiri wazi katika kila kipande cha data kinachopita hewani, hata pale yaliyomo yanapokuwa yamesimbwa, yaani yamefanywa yasisomeke bila ufunguo. Anayesikiliza huinakili, akaivisha kompyuta yake, na ruta haimtofautishi na mwenye nyumba. Zaidi ya hapo, tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu kwa kawaida hazitumii tena anwani zao halisi; hubuni nyingine kwa kila mtandao. Ndiyo maana mtu hunakili anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa maelezo ya simu, akaiingiza kwenye ruta, kisha simu yake mwenyewe ikakataliwa. Na ikiwa orodha ni ya simu zinazozuiwa, mtoto aliyezuiwa kwa anwani moja anaingia tena kwa kubadili chaguo moja tu kwenye simu. Kwa anayetaka orodha hiyo kwa sababu za utaratibu wa nyumbani, afungue maelezo ya mtandao huo kwenye kila simu na kuchagua itumie anwani ya kifaa chenyewe, ndipo aiandike. Asiiite kufuli.

Sasa nije kwenye kuzima kabisa, kwa nyumba ambazo kompyuta na runinga zimeunganishwa kwa waya na mawimbi hayahitajiki. Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Waya kwanza. Ukizima Wi-Fi ukiwa umeingia kwenye ruta kwa Wi-Fi hiyohiyo, umekata tawi ulilokalia: ukurasa utakatika na hutakuwa na njia ya kurudi. Chomeka waya wa mtandao kwenye tundu mojawapo lililoandikwa LAN, si lile la WAN linalopokea intaneti kutoka nje. Waya wa daraja la Cat5e unatosha, kwani hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Zima Wi-Fi ya kompyuta yenyewe, kisha fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, waya unafanya kazi na unaweza kuendelea.

Anwani ya ruta haifai kubahatishwa. Makala nyingi humwambia msomaji aandike 192.168.1.1, naye akikosa huona ruta ni mbovu. Nyingine hutumia 192.168.0.1, nyingine 192.168.8.1, nyingine 192.168.100.1. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome mstari wa "Default Gateway". Kwenye iPhone, gusa maelezo ya mtandao uliounganishwa na usome mstari wa "Router". Namba hiyo iandikwe juu kabisa ya kivinjari, kwenye mstari wa anwani, si kwenye kisanduku cha kutafutia. Kivinjari kikionya kwamba ukurasa si salama, na umeunganishwa kwa waya kwenye ruta yako mwenyewe na namba ni ile uliyoisoma, unaweza kuendelea. Mara nyingi ruta hujiandikia yenyewe cheti chake cha utambulisho, na kivinjari hakikitambui.

Ukurasa utauliza jina na nenosiri la msimamizi. Hili si nenosiri la Wi-Fi, ingawa watu huyachanganya kila siku. Mara nyingi yote mawili yamechapwa kwenye lebo iliyo chini au nyuma ya ruta. Ukishaingia, tafuta sehemu iliyoandikwa "Wireless" au "WLAN". Ruta nyingi zina redio (sehemu za kurusha mawimbi) mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na mpya kidogo zina ya tatu ya gigahezi 6. Kwa kawaida kila moja ina swichi yake. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuzima ya 2.4 na kuiacha ya 5 ikiendelea kurusha. Mtandao wa wageni nao huwa na ukurasa wake. Hifadhi, kisha subiri. Baadhi ya ruta hujiwasha upya na intaneti hukatika kwa dakika moja au mbili. Baada ya hapo chukua simu, simama karibu na ruta, na utafute mitandao. Jina lako lisipoonekana na taa ya Wi-Fi ikiwa imezimika, redio zimezimwa. Kama ulikuwa umelificha jina, lifichue kabla ya kuzima, la sivyo jaribio hili halitakuambia chochote.

Zipo ruta zenye kitufe cha Wi-Fi ubavuni au nyuma, na hicho ni njia fupi kwa anayezima na kuwasha kila siku. Lakini soma kijitabu chake. Kwenye baadhi ya ruta kitufe hichohicho kikibonyezwa kwa muda mfupi hufungua WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri, na kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa ndipo huzima redio. Na kwenye baadhi, kitufe kikizima, ukurasa wa mipangilio hauwezi kuwasha mpaka kitufe kibonyezwe tena. Watu wamerudisha ruta nzima kwenye mipangilio ya kiwandani kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu kurudisha kiwandani: kitundu kile kidogo cha kuchomeka sindano, kinachoshikiliwa kwa takriban sekunde 10, huirudisha Wi-Fi kama ilivyotoka kwenye boksi, pamoja na jina na nenosiri vya kwenye lebo. Lakini pia kinaweza kufuta jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Bila hayo, ruta itawaka lakini hakuna tovuti itakayofunguka. Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, tafuta sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, pakua faili lake kwenye kompyuta, na piga picha ukurasa wa muunganisho wa intaneti. Kama kifaa chako ni kile cha nyuzi za kioo kilichofungwa na kampuni, usikirudishe kiwandani kabla ya kuwauliza.

Baada ya kuzima, matatizo huja kutoka kwenye vifaa ambavyo hakuna aliyevikumbuka. Kikuza mawimbi kilichounganishwa kwa waya kitaendelea kurusha jina lilelile, nawe utadhani ruta haikuzimika. Printa nyingi hurusha mtandao wao mdogo na huzimwa kwenye mipangilio ya printa yenyewe. Aliyenunua ruta yake na kuichomeka kwenye ya kampuni ana ruta mbili, na mara nyingi huzima Wi-Fi ya moja tu. Kamera na kengele za mlangoni zisizo na waya zitakufa kimya. Hata vituo vidogo vya mtandao wa matundu (mesh) vinavyosambazwa vyumbani huwasiliana kwa mawimbi hayohayo; ukizima, hukatika vyote visipokuwa na waya kati yao. Na simu, zikikosa Wi-Fi, huhamia kwenye data ya laini bila kuuliza. Masasisho ya programu na nakala za picha yanaweza kula kifurushi chote usiku mmoja, basi yawekewe sharti la Wi-Fi pekee kabla ya kuzima. Simu nyingi zenye tundu la USB-C hukubali adapta ya waya wa mtandao, jambo ambalo wengi hawalijui.

Wanaotaka kuzima kwa saa fulani tu watumie ratiba iliyo ndani ya ruta. Ratiba ikishindwa, sababu karibu kila mara ni saa ya ruta. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika huamka na tarehe ya zamani mpaka zipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Chagua ukanda wa saa wa mahali ulipo, hakikisha upokeaji wa saa kutoka kwenye intaneti umewashwa, kisha linganisha saa ya ukurasa na ya simu yako. Ruta huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa nne usiku huandikwa 22:00, na saa kumi na mbili asubuhi 06:00. Anayeandika 04:00 akimaanisha saa nne usiku atazimiwa alfajiri. Tena baadhi ya ruta hazikubali ratiba inayovuka usiku wa manane. Zinataka mistari miwili, mmoja wa kutoka 22:00 hadi mwisho wa siku na mwingine wa 00:00 hadi 06:00. Na angalia kama ratiba inaorodhesha saa za kuzima au saa za kuwasha, maana ruta hazifanani. Ratiba haigusi waya wala data ya laini, kwa hiyo mzazi asiitegemee peke yake.

Kwa nyumba zinazotaka Wi-Fi iendelee lakini kwa watu wachache, kufuli ni nenosiri na aina ya usimbaji. Chagua WPA3, au WPA2 yenye AES kama vifaa ni vya zamani. WEP, usimbaji wa zamani zaidi, ilivunjwa mwaka 2001 na haifai hata kwa siku moja. Nenosiri la WPA2 hukubali herufi 8 hadi 63. Chini ya 16 nisingeshauri, na litumike hapo tu. Kisha zima WPS. Mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba namba yake ya siri ya tarakimu 8 huhakikiwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutoka kwenye zile nyingine. Hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, 11,000 yanatosha kumaliza uwezekano wote. Nenosiri zuri kiasi gani halisaidii kama mlango huo umeachwa.

Kumwondoa aliyekwisha kuingia, njia ya uhakika ni kubadili nenosiri. Kila kifaa kitatoka na wale unaowataka wataingia upya. Usumbufu huo hupungua ukiwapa wageni mtandao wao. Simu za siku hizi huonyesha nenosiri kama msimbo wa picha unaosomwa kwa kamera, kwa hiyo uliyempa mmoja umewapa wote anaowafahamu. Mtandao wa wageni wenye nenosiri lake, uliozuiwa kufikia printa na mafaili ya nyumbani, unaweza kubadilishwa kila unapotaka bila kugusa vifaa vyako. Usisahau nenosiri la msimamizi: likibaki lile la kiwandani, yeyote aliye kwenye Wi-Fi yako anaweza kufungua ukurasa wa ruta na kufuta yote uliyoyafanya. Na usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba uzimwe.

Kupunguza nguvu ya antena husaidia kidogo tu. Kushusha kutoka asilimia 100 hadi 50 ni desibeli 3, tofauti ambayo simu iliyo nyumba ya pili inaweza isiione. Kuihamishia ruta katikati ya nyumba, mbali na dirisha, na kubakiza redio ya gigahezi 5 ambayo hupenya kuta kwa shida, huleta tofauti kubwa zaidi, mradi vifaa vyako vyote viweze kuisoma. Lakini mwenye antena ya kuelekezwa bado atasikia, kwa hiyo hili liende sambamba na nenosiri, lisiwe badala yake.

Mwisho, mipangilio haidumu milele. Sasisho la programu ya ruta, fundi wa kampuni aliyeibadilisha, au mtu aliyechomeka sindano kwenye kile kitundu, vyote vinaweza kuwasha redio au WPS uliyokwisha kuzima. Baada ya lolote kati ya hayo, rudia lile jaribio la simu karibu na ruta, na fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa ukihesabu kimoja kimoja mpaka kila kimoja kipate mwenyewe.

Wako,
Msomaji, fundi wa mitandao ya majumbani