Mpagazi naye awekwe kwenye jalada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandishi, wachoraji na wachapishaji wanaofikiria kutoa vitabu vya picha vya watoto kuhusu Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza katika ardhi yetu. Australia na Kanada, vitabu vya namna hii kuhusu wanajeshi wa jamii za wenyeji vimeshapata rafu yao maktabani. Kwetu kazi ndiyo inaanza, na wengi wanakimbilia kumchora askari na bunduki yake. Ombi langu ni kwamba aanze mpagazi.

Upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918. Waliokufa wanakadiriwa kuwa si chini ya 95,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria na nimonia. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na Force Publique, jeshi la Wabelgiji kutoka koloni lao la Kongo, lililoingia Tabora Septemba 1916, lilifika pale kwa mabega ya Wakongo. Malawi wanawaita tengatenga. Sisi tuna Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na mtoto anayetumwa nyanya pale anakitaja kikosi hicho kila siku bila kuambiwa.

Mtoto atauliza kwanza: kwa nini watu, si punda au magari? Kitabu kimjibu. Barabara zilikuwa chache, mvua ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Kwa hiyo mchoro wa mkokoteni wa farasi ukielekea Rufiji mwaka 1917 unafuta sababu yenyewe iliyowapeleka watu wale huko.

Halafu kuna hesabu, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu. Mzigo mmoja ulikuwa kama kilo 25. Mtu anayetembea kutwa anahitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20 kati ya zile 25, na askari aliye mbele anafikiwa na kilo tano tu. Ndiyo maana walihitajika wengi kiasi kile, na kila walipoongezwa, unga nao ulihitajika zaidi. Mchoraji hana haja ya kuandika namba hata moja. Achore gunia lile lile ukurasa baada ya ukurasa, linasinyaa, na mwishoni liwe la kushikwa kwa mkono mmoja. Mtoto wa miaka saba atalielewa kabla ya mwalimu kufungua mdomo. Unga wenyewe nao una habari yake: mara nyingi ulikuwa wa mahindi yaliyosagwa vibaya, ukapikwa haraka bila kuiva kwa kukosa sufuria, kuni na muda, ukaliwa na watu waliozoea ndizi au mtama kwao. Matumbo yaliharibika. Sufuria isiyochemka ni picha ya vita kuliko kishindo cha mzinga.

Sasa makosa ya uchoraji. Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja ni ya askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika) wa Vita ya Pili, waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma. Ukimvika askari wa 1916 umekosea kwa zaidi ya miaka 20. Wa vita ya kwanza avae kofia ya duara isiyo na ukingo, yenye kitambaa cha kaki kinachofunika kisogo, kaptula, na vitambaa vilivyozungushwa kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Wengi wa Keya walikuwa pekupeku. Upande wa Wajerumani, askari wengi walianza vita na bunduki za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito ulioonyesha alipo mpigaji, kwa hiyo wingu jeupe lazima lionekane. Mpagazi abebe kichwani juu ya ngata au begani, na kitu kizito kining'inizwe kwenye mti unaobebwa na wawili au zaidi. Asichorwe na misuli ya mcheza mieleka. Na kwa kuwa askari wa Wajerumani walisafiri na wake na watoto wao, kitabu kina njia halali ya kumweka mtoto ndani ya msafara bila kubuni ajabu.

Maneno nayo yachungwe. Kuandika kwamba mtu "aliipigania Tanzania" au kuchora bendera ya Kenya si kweli. Majina ya Tanganyika na Koloni la Kenya yalianza kutumika rasmi 1920. Kabla ya hapo kulikuwa na Afrika Mashariki ya Wajerumani na Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Neno "alijitolea" pia litumike kwa tahadhari kubwa. Katika himaya hiyo sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 msako ulikuwa mkubwa kupita yote iliyotangulia. Na askari asifanywe malaika: jeshi lile lile la Wajerumani ndilo lililochoma vijiji na maghala ya chakula katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kumheshimu mtu kwa mateso aliyopata hakutulazimishi kuficha alichotumwa kufanya. Ukurasa mmoja wa maelezo kwa mzazi na mwalimu, mwishoni, unatosha kulisema hili waziwazi.

Kifo kisikwepwe, ila damu si lazima. Mzigo ulioachwa kando ya njia bila mwenyewe unatosha, au duara la watu kuzunguka moto lenye nafasi moja wazi.

Kuhusu uchapaji nitasema machache. Kurasa ziwe 32, kwa sababu karatasi kubwa hukunjwa ikatoa 16, na mbili zikatoa 32. Mswada wa kurasa 30 unalipia mbili tupu. Ukitoa kurasa za mwanzo na ile ya maelezo, zinabaki kama picha 14 za kurasa pacha, na maneno 40 hivi kwa kila moja yanatosha. Uso wa mtu ukae angalau sentimita moja na nusu kutoka kwenye mkunjo, la sivyo pini na mkunjo vitaumeza. Tatizo kubwa zaidi katika mada hii ni rangi: kaki, majani makavu na ngozi ya kahawia vyote vina giza na mwanga unaolingana, na vikichapwa watu wanapotelea porini. Piga kopi ya picha kwa rangi nyeusi na nyeupe kabla ya kuikamilisha. Kama humwoni mpagazi, weka anga au kivuli nyuma yake. Dai prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, maana kaki hugeuka kijani kwa urahisi sana. Na ngozi za watu wote zisipakwe rangi moja. Walitoka Nyanza, Unyamwezi, Nyasa na kwingineko.

Ukurasa wa mwisho kabisa uachwe na mistari mitupu: jina la mtu wa ukoo aliyechukuliwa, kijiji chake, alikopelekwa, kama alirudi. Wapagazi waliandikishwa kwa namba, majina yakakosewa na makarani, na mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Bibi au babu akiulizwa leo na mjukuu mwenye kalamu mkononi, huenda jina moja likapatikana. Wachapishaji, msiijaze nafasi hiyo kwa tangazo la vitabu vyenu vingine.

Mhariri wa vitabu vya watoto,
Dar es Salaam