Mlichomuuzia Mama Yangu Si Hina

Mombasa,
12 Mei 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: PAKITI ZENU ZA "HINA NYEUSI YA ASILI"

Nawaandikia kwa sababu nimepiga simu mara tatu, na mara zote nimejibiwa kwamba ngozi za watu hazifanani. Hilo nalijua. Nililouliza, na hadi leo halijajibiwa, ni kilichomo ndani ya pakiti.

Mama yangu ana miaka 63. Ametia hina tangu kigori: mikononi, miguuni, na tangu mvi zianze kumtoka, kichwani. Hununua unga wake katika soko la Marikiti, na haondoki dukani mpaka aunuse. Unga mzuri una ukijani uliofifia na harufu ya majani makavu. Huukoroga kwa ndimu na chai ya rangi iliyokolea, akaulaza usiku kucha, asubuhi akajipaka na kufunga kichwa kwa leso kuukuu kwa saa tatu au nne. Rangi hutoka nyekundu, na palipo na mvi hung'aa kama shaba. Hina yake haikupata kutoka nyeusi hata siku moja, maana rangi iliyomo katika jani la mhina ni ya wekundu, na wekundu huo huweza kukolea tu, haugeuki weusi.

Mwaka huu alitamani nyeusi. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaolewa mfungo mosi, naye alitaka akae mbele na bibi wenzake akiwa amependeza. Pakiti yenu nilimletea mimi. Januari tulikuwa tumejaribu moja, nywele zikawa nyeusi tititi, na siku mbili tatu akawa anawashwa nyuma ya masikio. Hatukulitilia maanani. Pakiti imechorwa jani la mhina, na chini yake mmeandika "asili kwa asilimia 100". Mtu aliyezoea hina karibu miaka hamsini, kwa jani hilo angeogopa nini?

Ijumaa ya 25 Aprili, baada ya alasiri, nilimpaka kwa mikono yangu mwenyewe. Dakika 30, kama mlivyoagiza, kisha tukaosha. Usiku akaanza kujikuna. Jumamosi paji la uso lilikuwa limevimba, akasema tusiwashtue watu wa harusi, litashuka. Jumapili, siku yenyewe, macho yote mawili yalikuwa yamefumba, masikio yamekuwa mekundu na mazito, na kuzunguka nywele malengelenge yanatoka maji ya manjano. Mjukuu wake alitolewa nyumbani bila bibi. Mama alikuwa kitandani hospitalini, dripu mkononi, na vigelegele alivisikia kwenye simu niliyomwekea sikioni. Alilia, na machozi yalimchoma kwenye kope zilizopasuka.

Daktari alimuuliza maswali mawili: amepaka nini kichwani, na je, aliwahi kuchorwa piko, ile michoro myeusi ya mikononi? Aliwahi, miaka miwili nyuma, kwenye harusi nyingine, na mkono ulimwasha baadaye. Daktari akatueleza kwamba piko hiyo na unga mwingi uitwao hina nyeusi hutiwa kemikali iitwayo parafenilini-diamini, kwa kifupi PPD. Mara ya kwanza au ya pili mwili huweza kuipokea kimya, lakini ndipo unapoijua. Ikirudi, unaishambulia, na mara nyingi dalili hukolea baada ya siku moja hadi tatu, ndiyo maana mtu huwa ameshaosha nywele na kusahau. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida huikataa maisha yote. Mama hawezi tena kutumia rangi yoyote ya nywele yenye PPD.

Sikatai kwamba rangi za dawa zinauzwa duniani kote, na nyingi zina PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na lazima boksi liitaje na lionye kuhusu mzio. Mwenye kununua boksi la namna hiyo anajua anachonunua. Anasoma, anapaka kidogo mkononi, anangoja saa 48. Ninyi onyo mmeliondoa, mahali pake mkachora jani.

Nilirudi dukani. Mwenye duka, mtu mwema aliyeumia kama mimi, akanitolea katoni mnayomletea, ya pakiti 12. Ubavuni mwa katoni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, PPD imeandikwa. Kwenye pakiti, ambayo ndiyo mteja huiona kwa sababu huuzwa mojamoja, haimo. Basi mlijua. Hili ndilo lililonifanya nikae kuandika, kuliko hata uvimbe wenyewe.

Nyumbani nilichukua vijiko viwili. Kimoja cha hina ya mama ya Marikiti, kimoja cha unga wenu uliosalia, nikavilowesha maji na kuvimwaga kwenye kitambaa cheupe. Cha mama kilianza kuacha doa la rangi ya machungwa taratibu, na kikaendelea kukolea hadi jioni. Chenu kilikuwa cheusi kabla sijamaliza kunawa mikono. Hakuna jani la mhina linalofanya hivyo.

Na msiniambie kwamba weusi wa asili haupatikani bila dawa. Upo. Unapaka hina kwanza, unaiosha, kisha unapaka unga wa majani ya mnili, mmea wa rangi ya nili, uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu bila ndimu, na kutumiwa papo hapo kwa sababu haulali. Unakaa nao saa moja hadi mbili. Ukiosha, nywele huonekana na ukijani unaotisha, kisha hewa inaukoleza siku moja au mbili mpaka zinakuwa nyeusi. Wazee wetu wanazungumzia hina na katamu, mmea mwingine wa kutia nywele weusi, tangu zamani. Si jambo geni pwani hii. Ni kazi ya siku nzima, na kila mvi zikichipua unarudia. Anayetaka dakika 30 aambiwe wazi kwamba dakika hizo zinatoka kwenye dawa, achague mwenyewe.

Hina kwetu ni ya biharusi, ni ya sikukuu. Wazee wengi hawasomi herufi ndogo, hasa za Kiingereza. Wanasoma neno moja, hina, na wanaliamini kwa sababu limewatunza tangu utotoni. Imani hiyo ndiyo mliyoiuza.

Kwa hiyo nataka haya. Pakiti zilizoko madukani zirudishwe. Zile mtakazotoa upya ziandikwe kwa Kiswahili kilichomo ndani, kiasi cha PPD, na onyo la kujaribu kwenye ngozi saa 48 kabla, na neno "asili" pamoja na picha ya jani vitoke. Mama alipwe gharama za matibabu, shilingi 14,600, kama zinavyoonyesha risiti nilizoambatisha. Na yeye mwenyewe aandikiwe barua ya kuombwa radhi, kwa jina lake, kwa Kiswahili, si mimi.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupewa taarifa, kulindwa afya yake na kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro ya bidhaa. Nakala ya barua hii, picha za mama na kipande cha katoni nimeviweka tayari kwa Shirika la Viwango la Kenya. Nitavipeleka Jumatatu ya 26 Mei iwapo hadi hapo sijapata jibu lenu kwa maandishi.

Unga uliobaki, gramu chache tu, nimeufunga kwenye chupa na kuuweka mahali salama. Mkitaka kuupima, njooni na mtaalamu wenu, nami nitakuwepo.

Mimi,
Mteja wenu wa zamani.