Sauda, umebakiwa na msimu mmoja

Arua,
Ramadhani, kumi la mwisho

Sauda ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Saumu inakwendaje huko Mbale? Nyie mna baridi ya mlima. Sisi jua la Arua linatufungisha mara mbili. Mama mzima, anakusalimu. Naandika baada ya daku, watu wamerudi kulala. Ningekupigia simu, lakini najua ungeshangilia, kisha ungelia, na salio lingekwisha kabla sijafika kwenye jambo ninalotaka kukuambia.

Nimepata ufadhili wa masomo. Ule wa Ujerumani, wa DAAD, shirika lao la kubadilishana wanafunzi. Shahada ya uzamili ya misitu ya nchi za joto, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, lakini idara yenyewe ya misitu iko nje kidogo ya jiji, katika mji mdogo unaoitwa Tharandt. Shule ya misitu ilihamia hapo mwaka 1811. Hebu fikiria: miaka themanini kabla yule Mwingereza Lugard hajawakuta babu zetu Wanubi, askari wa kutoka Sudan, kule Kavalli karibu na Ziwa Albert na kuwaleta huku, wenzetu walikuwa wamekaa darasani wakipima miti.

Pesa ni hivi. Kila mwezi nitapewa euro 992. Ukizibadilisha zinapita shilingi milioni nne za kwetu, na balaa ndipo lilipoanzia, kwa sababu kaka alipiga hesabu hiyo kwa sauti kwenye futari, nyumba imejaa watu. Tangu jioni ile mimi ni tajiri. Binamu yetu mmoja ameshanipangia ada ya mwanawe. Jirani ameniuliza magari ya Ujerumani yanateremshwa Mombasa au Dar es Salaam. Hakuna anayetaka kusikia kwamba pesa ile ni ya kuliwa hukohuko: pango, chakula, nauli, makoti. Hata redio, Sauda! Kule kila nyumba inatozwa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, uwe na televisheni usiwe nayo. Kaka amekataa kuamini. Anasema nimeanza uchoyo kabla sijapanda ndege.

Tiketi wanalipa wao, na bima ya afya, na miezi kadhaa ya kujifunza Kijerumani kabla masomo hayajaanza. Darasani tutasoma kwa Kiingereza, ila siwezi kununua vitunguu miaka miwili kwa kunyoosha kidole. Na kwenye visa, barua yao ya ufadhili inatosha. Anayejilipia mwenyewe anatakiwa aoneshe euro 11,904 za mwaka mmoja zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu. Hizo ni karibu milioni hamsini. Tungeuza kiwanja cha marehemu baba na nyumba juu yake, bado tungekopa.

Maswali niliyoulizwa zaidi ni mawili. Wanaume wanauliza, "Una nani huko?" Shangazi hakuzunguka, alinivuta chumbani akauliza, "Ulitoa ngapi?" Siwalaumu. Wewe na mimi tunawajua waliolipa madalali wa skolashipu huko Kampala, simu ya dalali ikazimwa wiki ileile. Tunawajua pia walioahidiwa chuo Uarabuni wakafikia jikoni kwa watu. Nilimwambia shangazi ukweli: DAAD haikunitoza hata senti kwa kuomba. Nilicholipia ni mtihani wa Kiingereza, na huo kweli unauma, mpaka nilikopa kwenye kikundi chetu cha akiba, pamoja na basi la usiku kwenda na kurudi Kampala. Shangazi alinitazama kama mtu anayefichwa kitu.

Wewe pia ulinijibu hivyohivyo mwaka jana nilipokutumia lile tangazo. "Hizo ni za watoto wa wakubwa." Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na ushahidi. Sasa ninao. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, unamjua, na hakuna mkubwa yeyote anayejua jina langu.

Na sasa ndio nimefika kwenye jambo lenyewe. Mpango huu una sharti ambalo watu wanalipita haraka: shahada yako ya kwanza isiwe imepita miaka sita unapoomba. Sisi tulihitimu Mei 2021, mwaka ule wa korona. Hesabu mwenyewe. Kozi nyingi hufunga maombi kati ya Agosti na Oktoba, kila moja na tarehe yake. Mwaka huu bado umo. Mwakani utakuwa nje, hata uwe na alama za malaika. Ningetamani kukueleza hili kwa upole zaidi, lakini siku hazina upole.

Sharti jingine ni kuwa na kazi ya angalau miaka miwili baada ya shahada, na hapo ndipo naona watu kama sisi tunajidharau bure. Alama zangu unazijua. Zako zilikuwa juu, bweni zima la Mary Stuart pale Makerere lilikuwa linakuja chumbani kwako kunakili takwimu. Alama zilinifikisha kwenye orodha ya majina tu. Kilichowafanya wanipigie ni mkaa.

Naam, mkaa. Katika barua ya kujieleza sikuandika habari za dunia kupata joto, wanazo wenyewe na vipimo vyake. Niliandika habari ya mti mmoja wa shea kule Yumbe. Mwenye shamba ni mama mjane. Ameokota matunda ya mti ule tangu msichana, amekamua mafuta, ameyauza, mti ule umewavisha watoto. Unajua shea inavyochelewa, mpaka miaka kumi na tano na kuzidi ndipo izae, kwa hiyo hakuna anayepanda kwa faida yake mwenyewe. Basi Februari moja shule zinafunguliwa, mama akaukata. Akauza magunia kwa watu wa malori. Mimi ndiye ofisa misitu niliyetumwa kumwadhibu.

Niliwaandikia jinsi ilivyokuwa baada ya amri ya Rais ya mwaka 2023 iliyopiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini. Malori hayakukoma, yalihamia usiku. Tulipoyakamata tulimpata dereva na utingo, mwenye mali hatukumwona. Gunia likapanda bei mjini, na bei ikipanda mjini panga linanolewa kijijini. Niliwaandikia pia Bidi Bidi: kambi ya wakimbizi ilifunguliwa Agosti 2016, na kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya laki mbili na nusu walikuwa wamefika kutoka Sudan Kusini, na kila familia inapika kwa mafiga matatu. Miti iliyokuwa karibu ilikwisha kwanza. Kisha wanawake wakaanza kwenda mbali, na huko mbali wakakutana na wenyeji wenye mapanga yao. Nani wa kulaumiwa hapo? Mimi nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi mpaka makalio yamekufa ganzi na sijampata wa kulaumiwa.

Nikamaliza kwa kusema ninachotaka kujifunza: namna ya kumlipa yule mama ili mti usimame, na nani atoe pesa hiyo, na ipimwe vipi ili isiishie kwenye semina za hotelini. Basi.

Walinihoji kwa intaneti. Mzee mmoja mwenye miwani akauliza kwa nini tusikamate tu watu wote wanaokata. Nikamwambia tumekamata, na mama yule tulimtoza faini, na faini aliilipa kwa kukata mti wa pili. Akaacha kuandika akanitazama. Sijui kama ndipo nilipopita, lakini baada ya hapo maswali yalibadilika, ikawa tunazungumza kama watu wa ofisi moja.

Sasa jitazame wewe. Umekaa mlimani Bududa na wakulima wa kahawa muda wote huu. Mimi nilisoma habari za maporomoko ya udongo ya Nametsi ya 2010 kwenye gazeti. Wewe umekula kwenye nyumba za waliofiwa. Umefanya kazi na watu waliohamishwa kutoka huko kwenda Kiryandongo wakarudi mlimani, na unaweza kueleza kwa nini walirudi bila kuwaita wajinga: udongo, kahawa, makaburi ya wazee. Unajua ni miti gani wanaikubali kwenye kahawa yao na ipi wanaing'oa usiku baada ya wafadhili kuondoka. Hilo profesa hana. Ulinisimulia kwenye simu habari ya yule mzee aliyekubali kupanda migunga kwenye mteremko kwa sharti kwamba mpaka wa shamba usogezwe hatua mbili. Nilicheka siku nzima. Iandike hiyo. Iandike kama ulivyonisimulia, bila maneno makubwa.

Si lazima uje Tharandt. Orodha yao ni ndefu. Dortmund wana mipango ya maeneo, Stuttgart wana miundombinu, kuna za maji, za ardhi, za afya. Nadhani ile ya Dortmund ingekufaa, kwa kuwa shida yako kubwa ni watu wakae wapi, miti ni nusu tu ya habari. Lakini mimi mchoyo, nataka uje kwangu.

Karatasi ndizo zitakazokuchelewesha. Wasifu wanautaka kwa mtindo wao wa Ulaya, na sahihi yako chini. Barua ya mwajiri iwe na nembo, sahihi na muhuri, na ikiwezekana mwajiri aahidi kukurudisha kazini ukimaliza. Hiyo ahadi wanaipenda sana, kwa sababu pesa inatoka kwenye wizara yao ya maendeleo na hawataki kusomesha watu wa kubaki kwao. Mkubwa mmoja hapa kwetu aliikalia barua yangu wiki baada ya wiki. Simtaji, karatasi zina miguu. Mwishowe nilichukua kiti, nikakaa nje ya mlango wake tangu asubuhi na chupa yangu ya chai, kila anayepita namsalimu kwa sauti: "Shikamoo mzee, namngojea bosi anisainie." Kabla ya adhuhuri ilikuwa imesainiwa. Wewe mkurugenzi wako ni mtu mwema, lakini husafiri mno. Mwombe sasa, usingoje Agosti.

Mimi nimetia sahihi kwamba nitarudi kuitumikia wilaya. Wengine wananiambia nimejifunga kamba. Mimi sioni hivyo. Ningefanya nini Ulaya na habari za shea?

Nisikufiche, kuna vitu vinaninyima usingizi. Mama presha yake inapanda na kushuka, na dawa nimekuwa nikinunua mimi. Nimepanga na kaka, lakini kaka unamjua. Mama mwenyewe ameshanipa ruhusa kwa mdomo mkunjufu, kisha usiku namsikia anamuuliza shangazi nitaolewa na nani huko kwenye baridi. Nina umri ambao swali hilo halina mzaha tena. Na ofisini, miche yangu ya shea elfu kadhaa iko kitaluni. Nimemwachia kijana mmoja ambaye ana moyo ila hana pikipiki. Hayo yote nimeyaweka upande mmoja, na upande wa pili nimeweka kwamba barua kama hii haiji tena. Nimeamua kwenda. Nikikuandikia kutoka huko nalia, nikumbushe aya hii.

Nitaondoka Juni. Wiki ya pili baada ya Idi nina shughuli ubalozini, Kololo, na nikimaliza napanda taksi moja kwa moja mpaka Mbale. Nitalala kwenu siku mbili. Nataka nikute transkripti yako, cheti, barua ya kazi ya kwanza na ya sasa, na kurasa mbili za habari ya mzee wa mpaka. Kompyuta ninayo. Pesa ya mtihani usiiwaze kwanza. Kikundi kimekubali kunikopesha tena, na safari hii nitaikopa kwa jina lako, utailipa kwa hiyo euro 992 inayomfanya kaka asilale. Tutakaa mezani usiku mmoja tuimalize rasimu, usiku wa pili tupumzike.

Na mumeo mwambie mapema, asije akasikia kutoka kwangu. Yeye si mtu mbaya, anaogopa tu nyumba kubaki na watoto. Mwambie wapo wanaokwenda na familia, na DAAD kwa masharti fulani huongeza kitu kwa ajili ya mwenza na watoto. Mengine nitamweleza nikifika.

Mama Sauda unisalimie kwa pekee. Mwambie nina hamu ya gurusa zake, na kwamba safari hii sitakubali kupakiwa tatu tu za njiani.

Ni mimi dada yako,
Rehema